Picha ya kichwa aliyoiomba mama

Picha ya ubongo haiwezi kukuambia kama ndugu yako alivuta unga, yaani heroini, jana, wala kama atavuta kesho. Naanza na hilo kwa sababu kazi yangu ni kupiga eksirei na utrasaundi hapa Tanga, na kila mwenye kijana kwenye unga akishajua kazi yangu, swali lake huwa ni hilo. Hata mama mzazi aliniuliza. Alikuwa uani kwetu Makorora, anachagua mchele, akaniambia bila kuinua uso: "Mwanangu, wewe si una mashine? Mpige mdogo wako picha ya kichwa, tuuone huo ugonjwa ulipokaa, daktari autoe tupumzike."

Mama aliuliza jambo ambalo maprofesa wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa mashine ambazo mimi nazijua vitabuni tu. Nimesoma sana walichokipata, usiku, watoto wakishalala. Mdogo wangu yuko kwenye methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini, pale hospitali ya Bombo. Ameniruhusu niandike habari zake mradi jina nisilitaje, na naziandikia familia ambazo kila mlango ukigongwa usiku zinaruka kitandani.

Siti skani na MRI ya kawaida, ile mashine ya sumaku, zinaonyesha umbo la ubongo: damu iliyovuja, uvimbe, kiharusi. Ukimlaza mdogo wangu humo, kuna uwezekano mkubwa picha itoke safi, na mama aambiwe mwanawe hana tatizo. Picha za watafiti ni za namna nyingine. MRI inayofuatilia kazi ya ubongo inategemea jambo alilolionyesha Seiji Ogawa mwaka 1990, Mjapani aliyekuwa akifanya utafiti Marekani: damu yenye oksijeni na damu iliyokwisha kuitoa oksijeni yake hazifanani mbele ya sumaku. Sehemu ya ubongo ikichapa kazi, damu yenye oksijeni huikimbilia, na mashine huyanasa mabadiliko hayo. Basi mgonjwa analala ndani, anaonyeshwa picha za vitu vya kawaida, kisha za sindano, za kete za unga, za mtu anayejidunga, na kompyuta inalinganisha.

Kipimo cha PET hufanya kazi tofauti. Mgonjwa huchomwa sindano ya kemikali iliyofungiwa chembe ya mionzi, kisha mashine inatazama kemikali ile inakwenda kutua wapi. Kwa uraibu hutumika sana iitwayo raklopraidi, inayotua kwenye vipokezi vya dopamini, yaani mahali ambapo dopamini, kemikali ya ubongo, hushikia. Chembe yake ya mionzi, kaboni-11, hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 20 hivi, kwa hiyo lazima itengenezwe jirani kabisa na mashine. Ndiyo maana tafiti hizi zinafanyika mahali pachache duniani.

Dopamini ndiyo inayouambia ubongo kwamba jambo hili ni muhimu, likumbuke, lirudie. Heroini ikiingia kichwani hugeuka mofini na kukamata vipokezi vya afyuni, vile ambavyo Candace Pert na Solomon Snyder walivithibitisha mwaka 1973, na dopamini hufumuka kuliko inavyofumuka kwa chakula au kwa furaha yoyote ya nyumbani. Mwaka 1997 Gene-Jack Wang, Nora Volkow na wenzao wa maabara ya Brookhaven, New York, waliwapima kwa PET watu wenye uraibu wa afyuni, wakakuta vipokezi vya dopamini vya aina ya D2 vimepungua ukilinganisha na vya watu wasiotumia. Hali kama hiyo imeonekana pia kwa kokeini, pombe na methamfetamini.

Niliposoma hayo nilimkumbuka mdogo wangu wiki zake za kwanza bila unga. Tulimpikia pweza wa nazi, chakula ambacho utotoni tulikuwa tunagombania sufuria. Alikula kama anameza kidonge. Coastal Union walikuwa wanacheza Mkwakwani, kelele zinasikika mpaka barabarani, na yeye amejilaza kibarazani anatazama dari. Mjomba akasema kijana ana kiburi, kila anachofanyiwa hashukuru. Lakini furaha haikuwa inamfikia. Siwezi kusema ubongo wake una vipokezi vingapi, maana tafiti hizo zinatoa wastani wa kundi, na ndani ya kundi wamo waraibu ambao picha zao hazitofautiani na za mtu yeyote. Tena wengine huenda walikuwa na vipokezi vichache hata kabla hawajaonja. Ila nilielewa kwamba mtu anaweza kuacha unga na bado akaishi kwa muda bila ladha ya kitu, na kwamba ukimwita hana shukrani unamsukuma mahali alikokuwa anaipata ladha hiyo.

Utafiti uliobadilisha mambo nyumbani kwetu ni mwingine. Ni wa mwaka 2008, wa Daniel Langleben na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Walichukua wagonjwa 25 ambao tayari wako kwenye methadoni, watu kama mdogo wangu, wa kunywa dozi kila siku kwenye dirisha la kliniki. Wakawapiga picha mara mbili: kabla hawajanywa dozi ya siku hiyo, na baada ya kunywa. Kabla ya dozi, picha za heroini ziliziamsha kwa nguvu sehemu za ndani za ubongo ziitwazo insula, amigdala na hipokampasi. Baada ya dozi, sehemu hizo zikatulia.

Insula ndiyo inayousikiliza mwili: njaa, kichefuchefu, moyo kwenda mbio. Mwaka 2007 Nasir Naqvi, Antoine Bechara na wenzao walionyesha kwamba wavutaji sigara walioumia insula, wengi wao kwa kiharusi, walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuiacha sigara mara moja, bila kuhangaika, bila hamu kurudi. Amigdala inashika hisia kali, hipokampasi inashika kumbukumbu. Kwa hiyo mwili, hisia na kumbukumbu vyote vinamwamkia mgonjwa asubuhi, kabla dirisha la dawa halijafunguliwa. Na katika utafiti ule ule, sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo juu ya macho, iliendelea kuitikia hata baada ya dozi. Methadoni inatuliza, haifuti.

Hapo nikafikiria njia ya mdogo wangu. Anatoka Makorora kwa baiskeli, anakata Ngamiani, anavuka reli, anakwenda Bombo. Njia fupi kabisa inapita nyuma ya maskani aliyokuwa akivutia, chini ya mwarobaini, kwenye ukuta uliobomoka. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku kwa sababu inakaa mwilini muda mrefu, wakati heroini huisha ndani ya saa chache na kumrudisha mtu kwenye arosto, yale mateso ya mwili uliokosa unga. Lakini hata methadoni hupungua polepole usiku kucha, na saa inapokuwa chini kabisa ndiyo saa anayopita pale, na wanaomjua wanamwita kwa jina lake la mtaani.

Mara aliyorudia unga akiwa tayari kwenye dawa ilikuwa asubuhi, mahali hapo hapo. Mjomba alisema anakula dawa ya serikali na unga juu yake. Mimi nilikaa naye kibarazani tukazungumza taratibu, akanieleza: "Dada, mnyororo wa baiskeli ulichomoka. Nikainama niurudishe. Nikasikia tumbo linanguruma, miayo, kamasi zinanitoka, na nilikuwa nimelala vizuri tu. Nilipoanza kufikiri, nilishakaa na wale wa maskani." Kesho yake alikwenda mwenyewe kliniki akawaambia, wakaitazama upya dozi yake.

Hiyo miayo na kamasi ina historia yake. Mwaka 1977 Charles O'Brien na wenzake, Philadelphia, waliwapa wagonjwa wa methadoni kiasi kidogo cha naloksoni, dawa inayoleta arosto ya muda mfupi, na kila walipowapa waliwapigia mlio fulani na kuwanusisha harufu ya peremende. Baadaye mlio na harufu peke yake, bila naloksoni, viliwatoa machozi na miayo. Mwili ulikuwa umejifunza. Mdogo wangu hakuwahi kusikia habari za Philadelphia, lakini alinieleza jambo lile lile, akiwa na grisi ya mnyororo kwenye kucha.

Na kuna Anna Rose Childress, wa Pennsylvania pia. Aliwaonyesha wanaume 22 wenye uraibu wa kokeini picha za dawa hiyo kwa milisekunde 33, kasi ambayo jicho halitambui limeona nini, kisha akafuatisha picha nyingine juu yake. Wao hawakujua wameona kokeini. Ubongo wao wa ndani uliwaka. Utafiti huo, uliotoka mwaka 2008, ni wa kokeini, lakini ukiuweka kando ya ule wa methadoni unaelewa kwa nini mtu anasema "sikuamua" na hadanganyi. Mvuto unaanza kabla yeye mwenyewe hajajua kuna kitu. Kazi ya kuamua inamkuta ameshachelewa, na akiwa na njaa, au amegombana na mtu, anachelewa zaidi.

Siku moja alikuja mgeni nyumbani, mtu mzima, mstaarabu. Akafungua pakiti mpya ya sigara, akachomoa ile karatasi ya fedha, akaikunjakunja vidoleni huku anaongea habari za bei ya dagaa. Mdogo wangu alikuwa anakunywa chai. Nilimwona kikombe kinasimama nusu ya safari, macho yake yametua kwenye karatasi. Unga unachomewa juu ya karatasi hiyo. Akaweka kikombe, akatoka nje kwa heshima zote, akasimama kwenye bomba la maji akajimwagia kichwani. Mgeni hakuelewa kitu. Tangu hapo kwetu sigara zinafunguliwa nje ya geti, hata aje nani.

Njia tuliibadilisha. Mtoto wa shangazi anaendesha bodaboda, anampitia asubuhi, wanazunguka kwa barabara kubwa. Ni mbali kidogo na mafuta yanakwenda, tunachangia. Kazi ya mdogo wangu ni kubeba samaki kwenye soko la Deep Sea, na kazi hiyo huanza mapema vyombo vikiingia, kwa hiyo nilimfuata tajiri yake nikamwomba kijana aanze akishakunywa dozi. Alikubali, malipo yakapungua. Ramadhani ilipofika akataka kufunga na dawa aiache mchana. Nikamwomba sheikh wetu wa mtaa azungumze naye, akamwambia mgonjwa ana ruhusa ya kula, hilo limo ndani ya Qurani, na akiwa na wasiwasi wa nafsi yake aulize tena. Alikunywa dawa yake mwezi mzima.

Watu huniuliza kwa nini tusimpeleke shamba Muheza kama wanavyofanya wengine. Wazo hilo si la kijinga. Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam mwaka 1971; karibu mmoja kati ya watano alikuwa mraibu wa heroini kule vitani. Kati ya waliokuwa waraibu, waliorudi kwenye uraibu mwaka wa kwanza nyumbani walikuwa kama asilimia 5 tu, jambo lililowashangaza sana madaktari. Wale waliiacha nchi nzima nyuma yao, pamoja na marafiki wa kuvuta nao na kona za kununulia. Kijana wa Tanga ukimpeleka Muheza ananawiri kweli, anachuma machungwa, anaongezeka uzito. Kisha anarudi Makorora, mwarobaini uko pale pale, na mwili unakumbuka. Tena akiwa Muheza anakuwa mbali na dirisha lake la kunywea dawa kila siku. Nyumba yetu ni ya urithi, mama hawezi kuhama, kwa hiyo tumeamua kuhamisha njia na saa.

Kuna matumaini kwenye picha pia. Rita Goldstein na wenzake wa Mount Sinai, New York, waliwaonyesha wagonjwa wa heroini sehemu ya filamu yenye watu wanaotumia, mwanzoni mwa matibabu na tena baada ya miezi kadhaa. Mwanzoni sehemu za unga ziliushika ubongo wao kwa nguvu. Baadaye zikalegea, na hamu nayo ikapungua. Hilo nilimsomea mdogo wangu neno kwa neno, akaniambia nirudie. Na mama nilimweleza kwa ugonjwa wake mwenyewe. Mwaka 2000 Thomas McLellan na wenzake waliandika kwamba waraibu wanaorudia baada ya matibabu ni asilimia 40 hadi 60, na kwamba wenye presha, kisukari na pumu huzidiwa tena kwa kiwango kinachofanana na hicho wakiacha dawa au masharti. Mama ana presha. Anapoacha vidonge kwa sababu anajisikia nafuu, tunampeleka hospitali, hakuna anayemfukuza nyumbani. Alinyamaza, halafu akasema, "Basi huyo wenu mumpeleke kama mnavyonipeleka mimi."

Picha niliyompiga mdogo wangu mwisho ilikuwa ya kifua. Alikuwa anakohoa, jasho la usiku, amepungua. Nilimsimamisha mbele ya kaseti, mabega mbele, nikamwambia avute pumzi aishike. Kwenye picha pafu la kulia, juu, palikuwa na weupe usiotakiwa. Akapimwa makohozi, ikawa TB, akaanzishiwa dawa.

Wiki ya pili ya dawa akaanza miayo, kutetemeka, kuharisha, halali. Nyumba nzima ikasema amerudi kwenye unga. Hapa nawaomba mnaomwuguza mtu wa methadoni mnisikilize vizuri. Dawa ya TB iitwayo rifampisini inalifanya ini livunje methadoni haraka sana. Mtu anakunywa dozi ile ile, lakini mwilini inabaki kidogo, na anaingia arosto bila kugusa chochote. Baadhi ya dawa za virusi vya ukimwi, kama efavirenzi na nevirapini, hufanya hivyo hivyo. Kliniki inatakiwa ijue ili ipandishe dozi, na siku dawa za TB zikiisha ijue tena ili iishushe, kwa sababu methadoni ikizidi inaua. Nilimwandikia kwenye kikaratasi jina la kila dawa anayomeza, akakipeleka dirishani. Dozi ikarekebishwa kidogo kidogo, akalala. Lau tungeishia kumshutumu, naamini siku ile ile angekwenda kwenye ule ukuta.

Na la mwisho ni la kifo, kwa sababu tumezika. Kijana wa mtaa wa pili alikaa miezi mingi mahali pa kufungiwa, hana unga, hana methadoni, akatoka amenenepa, kwao wakapika pilau. Ndani ya siku chache alikutwa chooni. Hakuzidisha kuliko zamani. Alichukua kiasi alichokizoea. Mwili usiotumia kwa muda unapoteza ule ustahimilivu wake, hasa wa kupumua, wakati kumbukumbu ya ubongo bado inadai kiasi kile kile. Wanaotoka jela, soba (nyumba za kuachia unga) au wodini wako kwenye hatari kubwa kuliko walivyokuwa kabla hawajaingia, na wiki za kwanza ndizo mbaya zaidi.

Kama ndugu yako anatoka wiki hii, mwambie hilo wazi, leo, hata kama ameapa hatagusa tena. Mwambie akiteleza asijifungie peke yake. Mpelekeni kliniki mapema aulizwe habari za methadoni. Na mkimkuta amelegea, anakoroma vibaya, pumzi zimekuwa chache, mboni ndogo kama ncha ya sindano, midomo imegeuka kijivu au bluu, msimmiminie maziwa wala maji ya chumvi. Mlazeni ubavu, hakikisheni kinywa hakijaziba, mmoja abaki naye akimsemesha na kutazama pumzi, mwingine atafute gari. Akiacha kupumua, mpulizieni pumzi mdomoni huku mmembana pua. Mkifika hospitali semeni ni heroini, msione haya, kwa sababu naloksoni huing'oa heroini kwenye vipokezi kwa dakika chache, na daktari hawezi kuitumia kwa haraka hiyo mkimwambia kijana alikuwa na malaria.